Siku Tuliyokwenda Oldeani Kukagua Gari

Mwezi uliopita shemeji yangu aliniomba nimsindikize Arusha mjini kutazama gari alilotaka kununua. Muuzaji alipofungua mlango, harufu ndiyo iliyotutangulia: ngozi ya viti iliyokauka, petroli iliyolala muda mrefu, vumbi, na chini ya hayo yote kitu kingine ambacho watu wengi wasingekitambua. Mimi nilikitambua. Nikamwambia shemeji, "Humu walilala kuku." Muuzaji akacheka, akakana, halafu akakubali. Shemeji akaniuliza nimejuaje. Sikuweza kumjibu pale pale, maana jibu lake ni refu, na linaanzia nyumbani kwetu Karatu, katika siku ambazo baba yangu alikuwa ameacha kuendesha gari.

Mliokulia Karatu kabla ya lami mnazikumbuka siku zile. Kiangazi vumbi jekundu lilikuwa linaingia kila mahali, kwenye nywele, kwenye sukari, katikati ya kurasa za daftari, na ukikohoa unakohoa wekundu. Masika ikija, lile vumbi linageuka tope, na malori yanalala barabarani siku nzima yakisubiri kuvutwa. Magari ya watalii yalipita mbele ya nyumba yetu yakielekea getini Ngorongoro, nasi watoto tulikimbia kuyapungia mikono mpaka yapotee. Kati ya madereva wale mmoja alikuwa baba yangu. Akipita alikuwa akipiga honi mara mbili, fupi fupi, na mimi nilitembea kifua mbele siku nzima.

Kisha honi ikakoma. Sikuambiwa kwa nini. Niliona tu kwamba Baba haondoki tena alfajiri. Alikuwa anakaa nyuma ya nyumba juu ya kigoda, anapukuchua mahindi ambayo hayakuwa na haraka ya kupukuchuliwa, na akisikia gari linapita anainamisha kichwa. Siku moja nilimsikia Mama akimwambia jirani yetu kwenye ua, kwa sauti ya chini, "Ni mikono yake. Mikono imekataa." Nilikwenda nikaitazama mikono ya Baba kwa muda mrefu alipokuwa anakula. Ilikuwa kamili. Vidole vyote vilikuwepo, kovu la zamani la kwenye kidole gumba lilikuwepo. Iliinua ugali, ilishika kikombe. Nikajiuliza imekataa nini, na nani aliyeiomba.

Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu. Alikuwa anateremka Mang'ola na mdogo wake, Mjomba Elia, kwa pikapu ya mjomba, wanarudi na magunia yamepandana hadi juu ya kichwa cha gari. Nyumba yetu ilinuka vitunguu, na nguo zetu za shule pia. Tulikuwa tunaishi kwa vitunguu hivyo. Jioni, wakidhani nimesinzia kwenye mkeka, wazazi wangu walikuwa wanazungumza habari za kurudi nyumbani Machame. Baba alisema shamba la migomba la babu halina mtu, na dereva asiyeendesha ana kazi gani Karatu. Mama hakuwa anabishana. Alikuwa anasema tu, "Tutaona, Baba Aneti," na mimi, Aneti mwenyewe, nilikuwa najikunja pale chini nikimwomba Mungu tusione.

Aliyeleta habari za gari alikuwa Samweli. Samweli alikuwa mpishi wa watalii, mtu wa maneno mengi, ambaye alitembea akichechemea kidogo na akipanda ngazi yetu alishika ukuta. Alikuwa anamtembelea Baba mara kwa mara. Alikuwa anakaa naye nyuma ya nyumba, anaongea yeye, Baba anaitikia. Siku hiyo alifika akitabasamu.

"Kaka, kuna gari Oldeani linauzwa," alisema hata kabla ya kukaa. "Si gari la kawaida. Ni lile gari la michezo. Fupi hivi, milango miwili. Limekaa bandani kwa mzee mmoja."

"La michezo?" Baba akauliza. "Oldeani? Nani alilipeleka kule?"

"Mtoto wa yule mzee alilitoa Dar. Sasa kijana amehamia Mwanza, amemwambia babake auze. Watu wanakwenda kuliangalia kama twiga, wanarudi. Hakuna anayelitaka."

Baba aliacha kupukuchua. Hindi lilibaki mkononi mwake nusu. "Taa zake," aliuliza taratibu, "ni za kufumba na kufumbua?"

"Hizo hizo!"

Nilikuwa nimekaa karibu nikisikiliza, na akili yangu ilikuwa imekamatwa na neno moja. Gari la michezo! Shuleni michezo ilikuwa kipindi cha Ijumaa, tukitolewa nje na mpira mmoja wa netiboli uliopoteza upepo. Nikaona mara moja gari zima limejaa mipira, kamba za kuruka, na labda bembea nyuma. Sikushangaa kwamba watu wazima hawalitaki. Wangelifanyia nini?

Jioni Baba akamwambia Mama, akiangalia pembeni, "Kuna gari Oldeani. Nilitaka kwenda kulikagua. Kuliona tu."

Mama alikuwa anachambua vitunguu, vilivyooza kushoto, vizima kulia. Nilitegemea atasema kuna kazi. Mikono yake ikasimama, akamtazama mumewe kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa katika nyumba aliyodhani haina watu. "Elia atatupeleka Jumamosi," alisema. Hakuuliza gari gani. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba hata Baba angesema anataka kwenda kukagua treni, angempeleka.

Tuliondoka asubuhi, sisi watatu na Mjomba Elia, tumebanana mbele kwenye pikapu. Barabara ya Oldeani ilikuwa na mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua, na pembeni kulikuwa na kahawa, safu baada ya safu, na baridi ile ya juu inayoshika masikio. Mama alikuwa amebeba mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. Baba alikuwa amevaa shati lake la kazi, lile la mifuko miwili, ambalo sikuwa nimeliona tangu honi ilipokoma. Katika mfuko mmoja alikuwa na tochi, katika mwingine kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika ya redio mbovu, amekifunga kwa kitambaa laini.

"Baba, kukagua ni kama Mwalimu anavyotukagua kucha?" niliuliza.

"Ni hivyo hivyo," alisema. "Ila gari linaficha kucha zake vizuri kuliko ninyi."

Mwenye gari aliitwa Mzee Gwandu, Mwiraqw mrefu mwenye koti la sufu na gumboti. Tulimwamkia, akaitikia, akatuuliza habari za Karatu, za mvua, na za vitunguu, kisha akatupeleka bandani. Alisogeza mlango wa mabati, kuku wakatoka mbio kati ya miguu yetu, na lile gari likawa mbele yetu.

Lilikuwa jekundu, au lilikuwa limewahi kuwa. Lilikuwa chini sana, Mama aliliangalia kwa juu kama anavyoangalia sufuria. Juu ya boneti palikuwa na alama za miguu ya kuku. Mzee Gwandu alipofungua mlango ile harufu ikatoka, na juu ya kiti cha dereva, kwenye shimo la ngozi iliyochanika, palikuwa na mayai mawili.

"Hayo hayamo kwenye biashara," alisema mzee, akayachukua akayatia mfukoni.

Mimi nilikwisha kupenyeza kichwa ndani kutafuta mipira. Hapakuwa na kitu. Nilifungua kijisanduku cha mbele, nikatazama chini ya viti, nikapanda kwenye kile kiti kidogo cha nyuma kisichotosha hata mtoto wa pili. "Michezo iko wapi?" niliuliza, na Mjomba Elia akacheka mpaka akashika ukuta wa banda. Nilinuna. Nilijua tumedanganywa, na nilishangaa kumwona Baba bado anatabasamu.

Na kweli alikuwa anatabasamu. Alilizunguka gari lile polepole mara ya kwanza bila kuligusa. Mara ya pili alipitisha sumaku yake juu ya bati. Mlangoni ilishika, tak. Juu ya paa, tak. Upande wa kulia wa mbele, tak. Alipofika juu ya tairi la kushoto mbele, sumaku ikateleza ikaanguka mkononi mwake. Akairudisha. Ikaanguka tena.

Alimwomba Mjomba Elia alete betri ya pikapu, wakaiunga, akabonyeza swichi ya taa. Jicho la kulia la gari likafumbuka, taratibu, likitoa mlio kama wa mzee anayeinuka kitini. La kushoto likatetemeka likabaki limefumba. Gari likawa linatukonyeza.

"Mzee," Baba alisema, "gari hili liligonga."

Uso wa Mzee Gwandu ukabadilika. "Hapana, mwanangu. Kijana wangu alisema halijawahi kugonga hata mbuzi."

"Liligonga hapa mbele kushoto. Bati lilikatwa, pakajazwa puti, pakapakwa rangi. Gusa mwenyewe, mzee. Bati ni baridi, puti si baridi sana."

Mzee akaweka kiganja chake kikubwa mlangoni, kisha pale. Akapapasa tena. Niliogopa kidogo, maana nilikuwa nimezoea kuona watu wazima wakigombana penye biashara. Lakini yule mzee akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe ndiyo maana aliniambia nisilioshe upande huu." Halafu akacheka kwa huzuni, na Baba akacheka naye, na nikaona kwamba sasa hawakuwa tena muuzaji na mnunuzi bali watu wawili wanaotaka kujua jambo moja.

"Kugonga si kufa," Baba alisema. "Swali ni kama mifupa yake imenyooka."

Akatandika gunia chini, akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Nilimfuata. Mama aliniita, nikajifanya sikusikia. Kule chini palikuwa na giza na harufu ya oili, na tumbo la gari lilikuwa karibu na pua yangu. Baba alikuwa anapitisha mwanga wa tochi juu ya kila bomba, polepole, kama mtu anayesoma.

"Baba, unatafuta nini?"

"Natafuta kitu ambacho gari halitaki nikione."

Mwanga ulifika kwenye bomba jembamba linaloelekea kwenye gurudumu la nyuma. Hapo akasimama. Alilifuta kwa kidole, akakinusa kidole, akalifuta tena. Lilikuwa kavu. Lakini tochi ilianza kutetemeka, na ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza, kile mikono yake ilichokuwa inakataa.

"Siku ile sikulala chini," alisema. Sidhani alikuwa ananiambia mimi. "Kila asubuhi kabla ya kuteremka kreta ya Ngorongoro nilikuwa nalala chini ya gari. Siku ile wageni walikuwa wamechelewa, ofisini wanasema twende, twende. Sikulala. Bomba la breki lilikuwa linavuja. Ningeliona. Katikati ya mteremko nakanyaga, mguu unakwenda mpaka chini, hakuna kitu. Nikaliingiza gari ukutani, upande wa mlima. Wageni hawakuumia. Samweli ndiye aliyebanwa mguu."

Mimi nilikuwa mtoto, na nilisikia kile mtoto anachosikia. Nilijua jinsi inavyokuwa mtu asipolala. Siku ya pili anasinzia darasani na kila kitu kinakwenda vibaya. Nikamwonea huruma sana.

"Pole, Baba," nilisema. "Na leo je, umelala?"

Alinigeukia. Nyuso zetu zilikuwa karibu, na tone la kitu, oili au jasho, lilikuwa shavuni mwake. Kisha tumbo lake likaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Leo nimelala, mwanangu," alisema. "Leo nimelala kabisa."

Na tochi ikatulia.

Tulipotoka chini ya gari, Baba aliomba kamba. Mama akatoa mfukoni kamba yake ya katani ya kushonea magunia, maana hakuwahi kutembea bila hiyo. Wakaivuta chini ya gari, kona hadi kona, mbele kushoto mpaka nyuma kulia, Mama akafunga fundo. Kisha wakaivuta kinyume, mbele kulia mpaka nyuma kushoto. Sote tuliinama. Kama chesisi ingekuwa imepinda, kamba ingepungua au ingezidi. Fundo lilifika pale pale.

"Mifupa imenyooka," Baba akasema, na Mzee Gwandu akashusha pumzi kama vile aliyepimwa ni yeye.

Waliendelea. Walifungua mfuniko wa oili kutazama kama kuna maji yaliyochanganyika humo. Walilinganisha namba ya chesisi na kadi ya gari. Walibonyeza matairi, wakayakuta yamekauka na kupasuka, na Baba akamwambia mzee bila kuficha kwamba haya yote ni ya kutupa. Wakamwaga petroli ya zamani, wakatia mpya. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikatema moshi na manyoya ya kuku, ikawaka. Baba alikwenda nyuma akautazama moshi mpaka ukaisha. Aliinamisha sikio. Sikuwa nimemwona Baba akisikiliza kitu kwa namna ile tangu zamani.

Lakini gari halinunuliwi likiwa limesimama. Mama alijua, na Mjomba alijua. Mzee Gwandu hakuweza kuendesha.

"Elia," Baba alisema, "lizungushe kidogo, mimi nisikilize kutoka nje."

Mjomba Elia alikuwa mtu mnene, lakini si mnene kiasi kile. Alifungua mlango, akaingiza mguu mmoja, akaguna, akautoa, akaingiza mwingine, akajigonga kichwa makusudi kabisa, akatoka akijisugua. "Shemeji, mimi siingii humu," alisema. "Hii gari imetengenezwa kwa watu wembamba. Angalia tumbo hili." Leo najua kwamba angeingia. Wakati ule nilimwonea aibu.

Baba alisimama pale, mkono juu ya mlango wa gari. Mama hakumwambia usiogope. Alizunguka, akaketi kiti cha abiria, akapanga khanga yake juu ya magoti, akafunga mlango. Mimi nikajipenyeza nyuma. Tukamngoja. Kuku mmoja akaja kuangalia kiti chake, Mama akamfukuza. Na Baba akaingia.

Tulitoka bandani kwa mwendo wa mtu anayebeba maji kichwani. Njia ilipita katikati ya kahawa, tambarare kidogo, na pale Baba alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena, mara nyingi sana, mpaka kichwa changu kikazoea kwenda mbele na kurudi. Kisha njia ikafika ukingoni. Mbele yetu ilishuka, si sana, mlima mdogo tu ambao watoto wa pale walikuwa wanauteremka kwa baiskeli, mpaka bondeni kwenye daraja la magogo. Baba akasimamisha gari. Akavuta breki ya mkono. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani na nilikuwa naiona vizuri kutoka nyuma.

Mama alifungua kitambaa chake. Akachukua yai, akaligonga kwenye dashibodi, akaanza kulimenya bila haraka, akiokota kila ganda na kuliweka kwenye kitambaa.

"Kula kwanza," alisema, akampa. "Mlima hauhami."

Baba akala. Mama akamenya la pili, akanipa mimi. La tatu akala mwenyewe. Tulikaa pale kwenye gari jekundu, tukila mayai juu ya mlima, injini ikiunguruma, na wanawake wawili waliobeba kuni wakapita wakatusalimia bila kuelewa kitu. Mama akawauliza kama mvua ilinyesha huku, wakasema ilinyesha. Walipopita, Baba akafuta mikono kwenye suruali, akakanyaga breki mara ya mwisho kuisikia, akaachia breki ya mkono, akatia gia ya kwanza.

Tukashuka. Sikumbuki kwamba kulikuwa na jambo lolote la ajabu katika kushuka kule. Kahawa ilipita, jiwe liligonga chini, daraja lilikuja likalia chini yetu, tukapanda upande wa pili. Baba akageuza, tukarudi njia ile ile. Akarudia tena. Mara ya tatu aliimba, wimbo wa Kimachame ambao sikujua maneno yake, na Mama aligeuza uso dirishani akajifuta kwa pembe ya khanga.

Cha kushangaza ni kwamba tuliporudi bandani, Baba alikataa gari. Alisema kwa sauti iliyonyooka, sauti ya kazi. "Mzee, asante. Injini ni nzima, breki ni nzima, limegonga lakini limetengenezwa na mtu mwenye akili. Atakayekuja mwambie hivyo hivyo. Ila mimi silichukui. Halibebi hata gunia moja la vitunguu. Nina familia."

Mama alikuwa anazunguka gari. Aligusa paa lake, akainama akatazama ndani, kile kiti cha mbele. "Baba Aneti," alisema, "lami itafika Karatu lini?"

"Wanasema kabla ya masika mengine."

"Na bibi harusi wa Karatu anapelekwa kanisani na nini?"

Baba hakumwelewa. Mjomba Elia ndiye aliyejibu. "Na pikapu yangu, dada. Wiki iliyopita nilimpeleka mmoja, gauni likanuka vitunguu."

"Au na gari la watalii," Mama akaendelea, "na bibi harusi anapandishwa kama mzigo, mguu juu, gauni linaonyesha magoti. Mnakaa kanisani mnatazama, hamwoni." Akapiga bati kwa kiganja, pale penye puti. "Hili halitabeba vitunguu. Hili litabeba maharusi. Na dereva wake ninaye."

Sote tulimtazama. Mzee Gwandu akavua kofia. Bei walielewana bila kelele, maana mzee mwenyewe aliishusha kwa ajili ya lile jicho lililofumba, akaongeza kuku mmoja juu.

Karatu walitucheka. Lilipofika likikokotwa na pikapu, watoto wote wa mtaa walilikimbilia, na watu wazima walimuuliza Mama kama amepandwa na wazimu. Samweli alikuja, akalizunguka akichechemea, akaketi kiti cha mbele na kukataa kutoka mpaka Baba alipomzungusha mtaani mara moja. Wakati wa kuteremka kwenda sokoni hakushika kitu chochote. Aliweka mikono yake mapajani, wazi, ili Baba aione. Hatukurudi Machame. Baba na fundi mmoja wa pale mjini walifanya kazi kwenye gari lile mpaka jicho la kushoto likafumbuka, na lami ikawa inapanda, inakuja, siku moja tukaamka ikiwa mbele ya nyumba yetu, nyeusi na ya moto, na sisi watoto tukavua viatu kuikanyaga.

Bibi harusi wa kwanza alikuwa mwalimu, Naserian, mtoto wa wafugaji wa upande wa Ngorongoro, aliyekuwa anafundisha Rhotia na sasa anaolewa na muuguzi wa Karatu. Alitoka nyumbani kwa rafiki yake huko Rhotia akiwa na gauni jeupe na juu yake shanga za mama yake, zimekaa mabegani kama duara la jua, na aliingia kwenye gari letu bila kupandishwa na mtu, akakaa tu, kama malkia anavyokaa. Nilipewa kiti cha nyuma na kazi ya kushika shela. Matarumbeta yalikuwa yamepakiwa kwenye pikapu ya Mjomba Elia, yatufuate.

Baba alikuwa amevaa suti. Aliendesha kwa mwendo wa maji kichwani. Matarumbeta yalianza nyuma yetu, baadaye yakawa pembeni yetu, na baadaye, Mjomba akiwa amechoka kungoja, yakawa mbele, wapigaji wakitupungia, wakipotea kwenye kona na muziki wote. Sisi tukabaki na ukimya na lami tupu.

Naserian alivumilia kidogo. Halafu akamgeukia Baba.

"Mzee wangu," alisema, "kwa mwendo huu bwana harusi ataoa mwingine."

Baba akamtazama. Akatazama barabara, iliyonyooka mbele yetu katikati ya mashamba ya ngano mpaka miti ya Karatu, bila vumbi, bila shimo. Akabadilisha gia. Gari lile likainua pua kidogo, likatoa sauti ambayo hatukuwahi kulisikia likiitoa, na shela ikanitoka mikononi ikajaa ndani ya gari, nyeupe, usoni mwangu, usoni mwa bibi harusi, naye akawa anacheka huku ameshika shanga zake. Tuliipita pikapu ya matarumbeta. Niliona midomo ya wapigaji ikiwa imeachama, na Mjomba Elia akipiga usukani kwa furaha.

Kanisani walimpokea kwa vigelegele, wakaingia wote, na milango ikafungwa. Tulibaki nje, mimi kwenye kiti cha nyuma, Baba akiwa ameegemea boneti, injini ikilia tik tik ikipoa. Mama alikuja kutoka upande wa lango, viatu vya kisigino mkononi.

"Nimesikia umekimbiza," alisema.

"Bibi harusi ndiye aliyesema."

"Na wewe?"

Baba aliitazama mikono yake, akaigeuza. "Mimi," alisema, "nilitaka kanisa liwe mbali zaidi."

Mama alitupa viatu vyake nyuma, karibu na miguu yangu, akafungua mlango, akaketi.

"Ibada ya ndoa ni ndefu," alisema. "Twende mpaka Rhotia, turudi."